Udongo wa Vikuge Hautajisafisha Wenyewe

Barua ya wazi kwa Waziri mwenye dhamana ya Mazingira, Waziri wa Mifugo na Uvuvi, Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na Mkuu wa Mkoa wa Pwani

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia, mkazi wa Mkoa wa Pwani, na ninalima. Nawaandikia kuhusu ardhi ya Vikuge, wilayani Kibaha, iliyomwagikiwa sumu za kuulia wadudu zaidi ya miaka thelathini iliyopita, na ambayo wanasayansi wetu wenyewe wamekwisha kutueleza kwamba haikupona kwa kuondolewa dawa zilizoonekana kwa macho. Ombi langu ni hili: udongo uliokolea sumu uchimbwe na kuondolewa, na ardhi inayouzunguka, ambako sumu ni hafifu lakini imetapakaa, iwekwe chini ya mimea iliyochaguliwa kwa kazi hiyo, izungushiwe uzio, na ipimwe kila mwaka kwa matokeo yanayobandikwa mahali wananchi wanapoweza kuyasoma. Naomba mambo hayo yaende pamoja, kwa sababu moja bila jingine halitafika.

Niyakumbushe yaliyotokea, maana wengi walio ofisini leo walikuwa bado wanafunzi. Mwaka 1986 shamba la serikali la Vikuge lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, tani zipatazo 170, na sehemu ya shehena hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa na muda wa matumizi. Mkataba wa Basel, unaodhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi moja hadi nyingine, ulipitishwa mwaka 1989, miaka mitatu baada ya mzigo ule kuingia. Dawa ziliwekwa kwenye banda. Banda likachakaa, likaanguka, na dawa zikabaki zikinyeshewa masika na vuli. Kila mvua ilichukua fungu lake: sehemu ikazama chini, sehemu ikafuata mteremko.

Baadaye mabaki yaliyoonekana yaliondolewa, na kwa mtu anayepita njiani palionekana pamesafishwa. Ndipo wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Michael Kishimba, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walipochukua sampuli za udongo na maji. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2004. Katika udongo wa juu walikuta DDT na vizalia vyake kufikia asilimia 28, na HCH kufikia asilimia 6; zote mbili ni sumu za zamani za kuulia wadudu. Walichimba hadi sentimita 50 na sumu bado ilikuwepo. Katika maji, ya kisima na ya juu ya ardhi, walipima mabaki ya sumu za jamii ya oganoklorini, yaani zile zilizoundwa kwa kaboni na klorini, yanayofikia mikrogramu 30 kwa lita.

Nawasihi msizipite takwimu hizo haraka. Asilimia 28 maana yake ni kwamba ukichota kilo moja ya udongo pale palipokolea zaidi, gramu 280 si udongo, ni sumu. Watafiti waliandika wazi kwamba udongo uliobaki wenyewe ni taka hatarishi. Kuhusu maji, Umoja wa Ulaya unaruhusu jumla ya mabaki ya viuatilifu isizidi nusu mikrogramu kwa lita ya maji ya kunywa. Kiwango cha juu kilichopimwa Vikuge kilikuwa mara 60 ya hapo. Mwaka 2014 wanasayansi wengine, nao wakiwemo wa chuo hicho hicho, walichapisha vipimo vya udongo wa Vikuge na wa Old Korogwe mkoani Tanga, miaka 5 hadi 14 baada ya maghala ya sehemu hizo kusafishwa. Mabaki yalikuwa bado yapo.

Kwa nini hayaondoki? Hapa naomba mnivumilie nirudi darasani kidogo, kwa sababu uamuzi wote wa tiba unategemea jibu la swali hili. DDT haipendi maji, inapenda mafuta. Lita moja ya maji huyeyusha mikrogramu chache tu za DDT. Kwa hiyo mvua haiwezi kuiosha ikaisha. Inaisukuma tu ikiwa imeng'ang'ania chembe za udongo, na chembe hizo zinapohama nayo inahama. Ikiingia kwa mnyama au mtu, inakwenda kukaa kwenye mafuta ya mwili, na kwa mama anayenyonyesha inatoka na maziwa. HCH ni tofauti kidogo. Yenyewe huyeyuka zaidi na hupaa hewani kwa urahisi zaidi, ndiyo maana ina uwezo mkubwa wa kufika mbali na pale ilipomwagwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2015 liliiweka lindeni, ambayo ni aina mojawapo ya HCH, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na DDT katika kundi la vile ambavyo yumkini husababisha. Siandiki hayo ili kumtisha mtu wa Vikuge. Naandika kwa sababu kiwango cha tahadhari kinachostahili hapa si kile cha shamba la kawaida lililopuliziwa dawa msimu uliopita.

Nalisisitiza hilo kwa sababu nimesikia watu wakichanganya. Viuatilifu vingi vinavyouzwa leo kwenye maduka ya pembejeo huoza udongoni kwa wiki au miezi. Vina madhara yake, hasa kwa mpuliziaji asiye na kinga, lakini si vya kudumu vizazi. Tatizo la Vikuge ni la kizazi kile cha zamani cha sumu, zile ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 ulikusudia kuzitokomeza, na ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Sasa nije kwenye mimea. Na nianze na jambo ambalo naona halijapewa uzito: mimea ya Vikuge tayari imeshapimwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya nyasi na ndago zinazoota karibu na chanzo kile cha sumu, na mwaka 2007 wakachapisha vipimo vya majani machanga ya miembe. Kote walikuta mabaki. Habari hiyo ina pande mbili. Upande mmoja ni hatari, kwa sababu ng'ombe anakula nyasi. Upande wa pili ni maarifa yaliyopatikana bure: tunajua kwamba iko mimea inayostahimili kuishi pale, na tunajua kwamba inagusana na sumu ile badala ya kuikwepa. Nchi nyingine zingeanzia hapo.

Kazakhstan ilianzia hapo. Karibu na Almaty, kwenye maghala ya viuatilifu yaliyoachwa tangu enzi ya Kisovieti, watafiti hawakuanza kwa kuagiza mmea wa ajabu kutoka ng'ambo. Walitazama kwanza ni magugu gani ya kwao yaliyojiotea juu ya udongo wenye sumu, wakayaorodhesha, wakayapima moja moja ili kujua lipi linavuta sumu kwenda kwenye majani, lipi linaishikilia mizizini, na lipi haliigusi. Sisi tunao wataalamu wa mimea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Kazi hiyo ni ya misimu michache. Inahitaji agizo na bajeti, basi.

Kazi ambayo mimea inafanya kwenye udongo wenye sumu si moja. Iliyo kubwa kuliko zote haionekani, inafanyika kwenye ule unyevunyevu unaozunguka mizizi. Mizizi hai humwaga udongoni sukari na tindikali nyepesi, na bakteria hukusanyika hapo kama mafundi wanavyokusanyika kwa mama lishe karibu na jengo linalojengwa. Wakishakuwa wengi na wana nguvu, baadhi yao huweza kuivunja sumu yenyewe. HCH ina bakteria wanaojulikana, wa jenasi ya Sphingobium, waliopatikana kwenye udongo uliochafuliwa katika nchi mbalimbali, ambao huing'oa klorini na kuitumia kaboni yake kama chakula. DDT ni ngumu zaidi. Penye hewa hugeuka kuwa DDE, ambayo nayo ni sumu na ni sugu. Pasipo hewa, udongo ukiwa umelowa, hugeuka kuwa DDD na kuendelea kuvunjika taratibu. Ndiyo maana wataalamu wa fani hii huchanganya mambo: samadi au mboji ili bakteria wapate nguvu, vipindi vya kulowesha na kukausha, kisha mimea yenye mizizi mingi. Samadi hiyo hiyo hupunguza pia sumu inayopanda kwenye mmea, kwa sababu DDT hupenda kukaa kwenye mboji.

Kazi ya pili ni kushikilia. Kwa mahali penye mvua kubwa na mteremko, hii peke yake inatosha kuhalalisha gharama. Nimesema DDT husafiri na chembe za udongo. Ukizizuia chembe, umeizuia DDT. Hapa nyasi ya vetiva haina mpinzani. Mizizi yake hushuka wima mita tatu na zaidi, na ikipandwa kwa mistari ya kukinga mteremko hugeuka ukuta unaochuja tope na kuacha maji yapite polepole. Wakulima wengi nchini wanaijua kwa kuzuia mmomonyoko kwenye makingamaji na kingo za barabara. Aina zinazopandwa hazizai mbegu zinazoota ovyo, kwa hiyo haitageuka gugu la kuvamia mashamba ya watu. Hupandwa kwa vipando vinavyogawanywa kutoka kwenye shina moja, na kijiji kinaweza kuwa na kitalu chake. Kwenye mabonde yanayotuama maji matete yanaweza kufanya kazi ya namna hiyo. Miti nayo ina nafasi yake: hunywa maji mengi, na maji yaliyonywewa na mti hayashuki tena kubeba HCH kwenda kwenye maji ya visima. Mbinu za namna hii, za kulima udongo na samadi na kuotesha mimea ya kuzuia maji, zimetumika Mali na Mauritania kwenye maeneo yaliyochafuliwa na viuatilifu vya zamani, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Hizo nazo si nchi tajiri.

Kazi ya tatu ni kuvuta sumu iingie kwenye mmea, kisha mmea uvunwe na kuondolewa. Hiyo ndiyo wengi huifikiria wanaposikia habari hizi, na kwa DDT ndiyo yenye mipaka mikali kuliko zote. Mimea mingi haiwezi kuipandisha DDT kutoka mizizini hadi majani, kwa sababu ndani ya mmea kinachopanda ni maji, na DDT haipandi na maji. Iko jamii moja inayovunja kanuni hiyo: maboga. Kanada, mwaka 2004, watafiti walilinganisha mimea mitano kwenye udongo wenye DDT ya zamani. Maboga na zukini, ambayo ni ndugu yake, viliizidi mimea mingine yote, ikiwemo lusani na nyasi za malisho. Connecticut nchini Marekani nako watafiti walipata matokeo ya mwelekeo huo huo kwa DDE. Hata hivyo kiasi kinachotolewa kwa msimu mmoja ni sehemu ndogo sana ya kilichomo udongoni.

Nadhani mmeshaona ninapoelekea. Maboga ni chakula chetu. Tunakula tunda, tunakula mbegu, na majani ya maboga ni mboga ya kila wiki katika nyumba nyingi za Pwani. Mmea hodari kuliko yote kwa kunyonya DDT ndio ambao mama wa kijijini atauotesha nyuma ya nyumba bila kumuuliza mtu, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Maboga tunayolima huku si lazima yawe ya aina ile ile iliyopimwa Kanada, na aina za maboga hutofautiana sana katika jambo hili. Lakini ni juu ya maabara ya serikali kupima na kutoa jibu. Hadi jibu lipatikane, ushauri wa kwanza unaopaswa kutoka kwa afisa ugani wa eneo lile ni kwamba boga lisioteshwe karibu na palipokuwa na banda. Vivyo hivyo kwa mihogo, viazi vitamu na kila kinachokua kimeguswa na udongo. Na kuku wa kienyeji: kuku anayeparua udongo mchana kutwa humeza udongo mwingi, na mayai yake ni miongoni mwa vitu vya kwanza ambavyo wataalamu duniani huvipima wanapotaka kujua kama sumu za namna hii zimefika mezani.

Katika hili tunaweza kujifunza kwa Martinique na Guadeloupe, visiwa vya Karibi vilivyo chini ya Ufaransa. Huko mashamba ya migomba yaliwekwa klordekoni, sumu ya kuulia wadudu, hadi mwaka 1993, na udongo wake bado una sumu hiyo. Wananchi walipigania haki yao kwa miaka mingi, na mpaka leo wengi wao hawajaridhika na namna dola ilivyowatendea. Ila jambo moja walilipata ambalo sisi hatuna: mwenye bustani anaweza kupimiwa udongo wake bila malipo, na akishajua kiwango anaelezwa ni zao lipi alime na lipi aache. Mazao ya mizizi yanaepukwa penye sumu nyingi. Matunda ya mitini, ambayo hayagusi udongo, kwa kawaida huwa salama. Mkulima anaendelea kuishi kwa ardhi yake huku akijua anachofanya. Naomba mtu wa Vikuge na wa Old Korogwe apewe haki hiyo hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ni vigumu kudai haki hiyo usipojua kilichomo ardhini kwako.

Lazima niseme pia mimea isichoweza, maana nisingependa barua hii itumiwe kama kisingizio cha kupanda nyasi na kuondoka. Pale palipopimwa asilimia 28 hakuna mmea utakaosafisha. Udongo wa namna ile ni wa kuchimbwa na watu waliovaa mavazi kamili ya kinga, ufungashwe kwenye mapipa yaliyopitishwa kwa kazi hiyo, na upelekwe kwenye tanuri la joto la zaidi ya nyuzi 1,100, kama yalivyofanyiwa mabaki ya viuatilifu kutoka nchi nyingi za Afrika yaliyosafirishwa kwenda Ulaya. Kazi hiyo ni ghali, na ndiyo sababu tunahitaji ramani. Bila ramani, mtachimba ama udongo mchache mno mkaacha kiini, pale sumu ilipokolea zaidi, ama udongo mwingi mno fedha zikaisha kabla hamjamaliza. Ukishakitoa kiini, eneo pana linalobaki, lenye sumu ya kiasi, haliwezi kuchimbwa lote. Hakuna nchi inayoweza kubeba ardhi yake mwenyewe kwenye mapipa. Hapo ndipo mimea inapokuwa tiba ya busara, mradi tukubali kwamba tunazungumzia miaka kumi na zaidi, wala si mradi wa miaka mitatu unaoisha kwa semina.

Kuna hatari nyingine ndani ya tiba hii ambayo lazima ipangiwe kabla ya kipando cha kwanza kuingia ardhini. Majani yatakayokatwa kutoka eneo lile yatakwenda wapi? Hayafai kuwa malisho, hayafai kuezekea banda la mifugo, hayafai kuwa mboji ya bustani. Kuni za hapo zisiingie jikoni. Kuyachoma majani hovyo shambani ni kosa kubwa, kwa kuwa vitu vyenye klorini vikiungua kwa moto hafifu vinaweza kuzaa dioksini, sumu mbaya kuliko ile tuliyokuwa tunaikimbia. Yapimwe kwanza. Yakikutwa na sumu kidogo, yaachwe yaoze humo humo ndani ya uzio, ambako bakteria wale wale wataendelea na kazi. Yakikutwa na sumu nyingi, yaende na mapipa.

Kwa Waziri wa Mifugo nina neno la ziada. Jina la Vikuge leo linafahamika kwa wafugaji kwa sababu ya shamba la serikali linalozalisha mbegu za malisho na hei. Ni shamba lenye faida kubwa kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, na ningependa listawi. Sisemi kwamba malisho yanayouzwa hapo yana sumu. Palipokuwa na banda ni sehemu tu ya eneo hilo. Ninachosema ni kwamba shamba linalobeba jina hilo, lenye historia hiyo, ndilo linalopaswa kuwa la kwanza nchini kuuza malisho yenye cheti cha Mkemia Mkuu wa Serikali kinachoonyesha mabaki ya DDT na HCH. Mfugaji anayekamua maziwa ya kuuza mjini atakitafuta cheti hicho mwenyewe. Na kwa kuwa kwenye shamba hilo wapo watu wanaojua kuotesha nyasi kuliko taasisi nyingine nyingi, ni nani angefaa zaidi kusimamia vitalu vya vetiva?

Naomba pia tusitumie dawa moja kwa kila ugonjwa wa udongo. Kilimanjaro, kwenye mashamba ya kahawa, wakulima wametumia mrututu na dawa nyingine za shaba kwa miongo mingi dhidi ya magonjwa ya majani na buni. Shaba ni elementi. Hakuna bakteria awezaye kuivunja ikawa kitu kingine. Mimea huko itasaidia kwa njia nyingine kabisa, na vipimo vyake ni vingine. DDT na HCH, pamoja na usugu wake, ni kaboni, hidrojeni na klorini zilizounganishwa, na kilichounganishwa kinaweza kuachanishwa. Ndiyo sababu nina imani kwamba Vikuge inaweza kupona.

Mkataba wa Stockholm, katika ibara yake ya 6, unazitaka nchi wanachama zijitahidi kuweka mikakati ya kuyatambua maeneo yaliyochafuliwa na sumu hizi, na pale zinapoamua kuyasafisha, zifanye hivyo kwa njia salama kwa mazingira. Vikuge na Old Korogwe zimeshatambuliwa, na majarida ya kisayansi yamezichapisha kwa dunia nzima kusoma. Kilichobaki ni hatua yenyewe. Na kwa kuwa shehena ile ya 1986 ilikuja kama msaada, serikali yetu haina sababu ya kuona haya kukaa meza moja na walioileta, na Umoja wa Ulaya kwa jumla, kuzungumzia gharama za kuuondoa udongo uliokolea.

Ninayoyaomba yafanyike kwanza hayahitaji mfadhili. Uzio na vibao vya onyo kwa Kiswahili, vyenye mchoro kwa asiyesoma. Sampuli mpya za udongo, maji ya visima, mayai, maziwa na mboga, zichukuliwe kwa pamoja na TPHPA na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kisha matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji na mtu anayeweza kujibu maswali. Kisima kitakachokutwa na sumu kifungwe siku hiyo hiyo ambayo watu wake wamepewa maji mengine, wala si kabla, maana kukifunga bila mbadala ni kuwarudisha watu kwenye madimbwi. Watakaoajiriwa kupanda wapewe buti, glavu na barakoa zinazofaa, na wapimwe afya. Majaribio ya mimea yawe na vipande vya kulinganisha visivyopandwa kitu, ili baada ya miaka mitano tujue ni mimea iliyofanya kazi au ni muda tu uliopita. Hili la mwisho nalisema kama mwalimu: mradi usio na kipande cha kulinganisha hautufundishi lolote, na Korogwe wanaosubiri zamu yao wanastahili kurithi ujuzi wa kweli.

Vetiva hupandwa mvua zinapoanza. Sampuli zikichukuliwa kiangazi hiki na ramani ikachorwa kabla ya vuli, uzio unaweza kusimama, vitalu vikaandaliwa, na mistari ya kwanza ya kukinga mteremko ikawa ardhini masika yajayo, wakati mazungumzo ya kuchimba kiini yakiendelea. Mimi na walimu wenzangu wastaafu wa sayansi tuko tayari kufika vijijini kuwasaidia wataalamu wenu kueleza mambo haya kwa lugha nyepesi, bila posho. Naomba majibu yenu nayo yatolewe hadharani, yakitaja tarehe ya kuchukua sampuli na jina la ofisi itakayowajibika.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu wa kemia
Mkoa wa Pwani